Kiti cha Nyongeza

Al-Baghdadiyah, Jeddah
12 Machi 2016

Kwa Ivy, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Mulembe sana. Kukhu, nyanya yako Selipher Nekesa, bado anapumua na bado anagomba, kwa hivyo jua niko mzima. Miguu imevimba, lakini miguu si mimi. Hajja, bibi ninayemtunza, naye mzima. Jana alinirushia kijiko akisema uji wangu ni maji ya kuoshea sufuria, leo amenipa nusu ya chungwa lake. Ndivyo tunavyoishi.

Nyumbani mjomba wako Naftali anasema mvua imekawia, ng'ombe yule mwekundu amezaa, na sasa shika kiti: Morgan amesema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba Agosti hii anataka kutahiriwa. Hakusukumwa na mtu. Alisimama mbele ya mjomba wake akasema. Ndugu yako mdogo, ambaye juzi tu nilikuwa namfuta kamasi! Naftali ameshachagua dume atakalomchinjia. Mama yenu, binti yangu, hayupo kuona siku hiyo. Nilimzika nikabaki na ninyi wawili mgongoni, na mgongo huu haukuwadondosha. Kwa hivyo Agosti lazima mmoja wetu awe pale, na kama Mungu ana haya, tuwe sote wawili.

Najua madam wako ameifungia simu yako kabatini, anakupa Ijumaa uisalimie Kenya. Yangu ilikufa ndani ya ndoo ya sabuni. Basi Solomon dereva ndiye posta yetu, maadamu Hajja ni mama wa madam wako na haishi kumpelekea tende na manukato huko Riyadh. Solomon anaandika ninayosema, na akirudi ananisomea yako. Sasa hivi anacheka. Solomon, andika na hilo.

Nisikie vizuri. Barua yako iliyopita ilikuwa imejaa Charity kama gunia lililojaa dagaa. Charity wa nyumba ya jirani amenipa ndizi. Mama Charity amenisuka. Mama Charity ananiombea. Mama? Nani alimzaa Charity akamfanya mama yako? Na kichwa chako, nani alimruhusu akishike? Kichwa hicho nilikinyoa mimi ulipotoka hospitalini na surua. Sijamkataza mtu kuwa na rafiki. Ila rafiki aitwe rafiki.

Solomon pia ananiambia madam wako anakata tiketi za ndege bila pesa, kwa kitu kinachoitwa pointi. Ni uchawi au ni wizi? Nieleze.

Mimi, aliyekulea,
Kukhu Selipher

*

Al-Naseem, Riyadh
6 Aprili 2016

Kukhu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi uko mzima, na miguu yako iweke juu ya mto unapolala, usibishe. Mimi ni mzima. Mtoto wa madam ameota meno mawili na ananing'ata bega. Habari ya Morgan nilipoisoma nililia jikoni mpaka madam akadhani nimejikata na kisu.

Pointi si uchawi, Kukhu. Bosi na madam wakinunua kitu kwa kadi ya benki, iwe nepi, petroli au mapazia, benki inawawekea pointi. Zimekaa miaka zikirundikana. Bosi alitaka kuzibadilisha na mashine ya kahawa. Madam akamwambia, "Mafi, hakuna! Hiyo kahawa utainywa kwa bei ya dhahabu." Madam yuko nyumbani kwa likizo ya uzazi, na akinyonyesha hupenda kuongea, ndiyo maana na mimi nimejua.

Anasema pointi ukizibadilisha na vyombo, benki inakupunja. Zina thamani zaidi ukizihamishia kwa shirika la ndege, kule zinaitwa maili, na maili zinakata tiketi. Lakini hata kuhamisha wanakukata. Sasa ujanja wake uko hapa: mara chache kwa mwaka benki na shirika la ndege wanatangaza nyongeza. Ukihamisha wakati huo, wanakuongezea karibu theluthi juu ya zile zako. Mwenye haraka anahamisha leo anapata kiti kimoja. Mwenye subira anangoja nyongeza, na kwa pointi zilezile anapata zaidi. Ila madam hahamishi kabla hajaona kwa macho yake kwamba viti vya maili vipo siku anayoitaka, maana pointi zikishahama hazirudi benki hata ulie.

Mwaka wangu wa pili unaisha Julai, na tiketi yangu ya likizo ni juu yao. Madam anasema pointi walizonazo zinatosha tiketi yangu, kisha kinabaki kipande kisichofaa kitu. Nyongeza ikija, kipande kile kinakuwa tiketi nzima. Ameniambia kiti hicho cha pili ni changu, kwa sababu nilimshikia mtoto siku zote yeye alipolazwa hospitalini. "Mpe umtakaye," amesema.

Tunangoja nyongeza. Inaweza kuja Ramadhani.

Mama Charity anakusalimu. Yeye si mzima sana siku hizi, lakini nisiandike mengi.

Mjukuu wako,
Ivy

*

Al-Baghdadiyah, Jeddah
22 Aprili 2016

Ivy,

Salamu nimezipokea zote, hata zile ambazo sikuziomba. Hapa vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Hajja amekataa kuogeshwa na yule mfanyakazi mpya aliyeletwa kunisaidia. Amemwambia mkono wake ni baridi kama samaki, halas, basi, aitwe Selipher. Kwa hivyo usidhani wewe peke yako una mtu anayekupenda ugenini. Mimi nina Hajja. Tumezeeka pamoja kwa mwaka mmoja na nusu, ananiita ukhti, maana yake dada. Sijaona haja ya kukuandikia barua nzima kumhusu.

Mambo ya pointi nimeyaelewa, usidhani mtu asiyejua kusoma hajui biashara. Niliuza nyanya soko la Chwele kabla mama yako hajaota meno. Nyongeza naijua. Mteja akija asubuhi anapata nyanya alizolipia. Akija jua likigeuka, wakati mimi nataka kufunga nirudi nyumbani, namwekea na mbili juu. Simpendi kuliko wa asubuhi, nataka tu nyanya ziondoke na yeye arudi kesho. Benki pia haimpendi madam wako. Lakini madam wako anajua saa ya kwenda sokoni, na hilo namsifu. Na hiyo ya kuangalia kiti kwanza ni akili. Usinunue kamba kabla ng'ombe hajazaliwa.

Sasa tuje kwa jambo lenyewe. Umeandika, "Mpe umtakaye," amesema. Kisha ukanyamaza. Nikamwambia Solomon, geuza karatasi, labda jina langu liko nyuma. Akageuza. Nyuma hakuna kitu. Nikamwambia asome tena polepole. Akasoma. Kukhu hayupo. Ila Charity yupo, hapo chini, anasalimu, tena si mzima, tena usiandike mengi!

Nikuulize, hayo mengi ni yapi? Tangu lini ukaandika barua kwangu ukifunika chungu? Ulipovunja ungo uliniambia mimi. Ulipopendana na yule mwalimu wa kwaya mwenye meno makubwa uliniambia mimi, na nikakukanya. Leo kuna mwanamke wa jirani ambaye mambo yake hayafai masikio yangu.

Nasema wazi. Nina wivu. Wengine wanaficha wivu kama kidonda. Mimi nauanika juani. Unanichoma tangu hiyo barua isomwe, nimeunguza wali wa Hajja, na amenitupia kijiko kingine. Mtu anayeulizwa "unamtaka nani" na jina la aliyemlea halitoki mdomoni, basi kuna jina lingine mdomoni.

Solomon ananiambia, "Mama, punguza ukali, huyu ni mtoto." Nimemwambia aandike na afunge mdomo.

Kula vizuri. Usilale bila kufunga mlango. Nakupenda kwa hasira.

Kukhu

*

Al-Naseem, Riyadh
11 Juni 2016

Kukhu wangu,

Ramadhani imeanza, kwa hivyo tunapika mchana kutwa na kula usiku. Samahani nimechelewa. Solomon alikuja Mei akageuza gari siku hiyohiyo, na mimi nilikuwa na mtoto kliniki. Morgan nimezungumza naye Ijumaa. Sauti imekuwa nzito, nikadhani ni mjomba Naftali. Aliniuliza tu, "Dada, nani atakuja?" Nikamwambia nitamjibu.

Nyongeza imetangazwa! Madam alinifuata jikoni na simu mkononi akipiga kelele kama ameolewa upya. Ni mpaka siku ya mwisho ya Ramadhani. Ameangalia viti vya maili, amepata viwili tarehe ishirini na nane Julai, kutoka Riyadh kupitia Jeddah mpaka Nairobi. Anasema viti vya aina hiyo havikai, watu wengine nao wanaviwinda. Kodi za tiketi atalipa yeye.

Kukhu, kiti cha pili ni chako. Kilikuwa chako tangu mwanzo. Sikuandika jina lako kwa sababu nilidhani huhitaji kuambiwa, kama vile sijaandika kwamba jua linachomoza. Naomba tu picha ya pasipoti yako, ule ukurasa wenye sura, maana jina la tiketi lazima lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Tunajua wakala alikuandika jina la nyuma mbele na akakupunguzia miaka kumi! Mpe Solomon aipige picha kwa simu yake, amtumie madam. Usichelewe. Madam hatahamisha pointi kabla ya kujua ni nani, maana zikihama zimehama.

Kuhusu Mama Charity, usinichukie. Kuna jambo amenifunga mdomo, na barua zetu zina masikio ya watu wengine. Solomon, nisamehe, wewe na yeye ni wa kijiji kimoja.

Nangoja pasipoti.

Ivy wako

*

Al-Baghdadiyah, Jeddah
20 Juni 2016

Ivy,

Tuko wazima. Hajja amefunga kwa ubishi ingawa daktari amemkataza. Wanawe wanakuja kufuturu kila jioni, nyumba imejaa viatu. Mwambie Morgan asile machungwa mabichi.

Pasipoti situmi.

Kiti nilichokilalamikia ndipo nikapewa, hicho sicho kiti changu. Ungeandika jina langu Aprili ningeruka kama mtoto. Sasa unanipa kama mtu anayemtupia mbwa mfupa ili anyamaze. Mimi si nyanya wa nyongeza. Mpe huyo mwenye siri zako. Mpe Charity. Mketi wawili mle karanga za ndege, na akusuke njiani.

Tena hapa niko vizuri. Hajja hawezi bila mimi, na mimi sina shida. Agosti zitakuja nyingine. Wewe nenda. Usikose kwenda. Nimesema usikose, ukinisikia. Mtu wa kwetu awe pale mbele ya Morgan.

Solomon leo hacheki. Sijui ana nini.

Selipher Nekesa

*

Al-Naseem, Riyadh
7 Julai 2016

Kukhu,

Salamu za Iddi kutoka kwa watu wote wa nyumba hii. Mtoto amesimama peke yake akishika kochi, akaanguka, akacheka. Naftali amefunga zizi upya.

Barua yako nilimsomea madam kwa Kiarabu changu kibovu. Nilikuwa nalia. Nilimwambia nyanya yangu amenikasirikia, ananinyima pasipoti. Madam akamweka mtoto chini. Kisha akasema, "Ivy, si hasira. Pasipoti hana." Akampigia kaka yake huko Jeddah, bosi wako, mbele yangu, akaweka sauti kubwa. Nilimsikia kwa masikio yangu. Pasipoti yako iko kwenye sefu yake. Anasema haitoki mpaka Hija ipite, kwa sababu mama yao hakubali mikono mingine. Na akasema ulimwomba wewe mwenyewe, Aprili, ukapiga magoti kwenye kapeti, akakukatalia. Madam alimsihi, wakagombana, akakata simu.

Aprili, Kukhu. Ulijua kabla sijakuomba. Ukaniachia niamini kwamba ni wivu.

Tulingoja. Madam alijaribu tena kwa kaka yake, mara mbili. Ramadhani ikabakiza siku moja, viti bado vilikuwepo, nyongeza inafungwa. Madam akasema, tusipohamisha leo, pointi zinarudi kuwa za kiti kimoja na kipande. Nani mwingine?

Sasa Charity amenikubalia niseme, na Solomon akisikia basi asikie. Mkataba wake uliisha. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, amemkatia karatasi ya kutoka nchini, kisha amehama na familia yake yote kwenda Dammam bila kumkatia tiketi. Ile karatasi ina siku zake, na zikiisha kabla hajapanda ndege anakuwa mtu wa kukamatwa. Amekuwa akilala kwenye stoo ya nyumba tupu, na madam wangu alikuwa hajui. Nilikuwa nampelekea chakula ndani ya pipa la takataka, safi, juu ya mfuko mpya. Alinikataza nisiseme maana hataki kijijini wajue anarudi na mikono mitupu. Nilipoandika kwamba si mzima, nilikuwa namaanisha hayo.

Nikasema jina lake. Madam akabonyeza. Pointi zimehama, nyongeza imeingia, tiketi zimekatwa, moja ni yangu, moja ni yake, na atafikia kwetu kwanza. Haziwezi kurudi.

Nimekupokonya kiti ambacho ulikuwa umeshanyang'anywa, na bado najiona mwizi. Sema neno. Ukisema nisiende, nitakaa nikungoje mpaka Hija ipite.

Ivy

*

Al-Baghdadiyah, Jeddah
16 Julai 2016

Mjukuu wangu,

Sitauliza habari za mtoto wala za ng'ombe, nitaanza na wewe. Ukikaa Riyadh kuningoja, nitatembea kwa miguu hii iliyovimba mpaka huko nikuchape na mwiko.

Unaona sasa kwa nini sikukuambia? Wewe ndiye yule mtoto ambaye Morgan akinyimwa chai kwa utundu, na wewe ulikuwa unamwaga yako. Ningekwambia Aprili kwamba pasipoti imefungiwa, ungesema, "Kukhu haendi, na mimi siendi." Na Morgan angesimama mbele ya wanaume bila damu yetu kumtazama. Nikaona heri unione mbaya, uende. Hasira husafirisha mtu. Huruma humkalisha.

Lakini usije ukajidanganya kwamba wivu ule ulikuwa maigizo. Ulikuwa wivu wa kweli, na bado uko, ungeweza kuchemsha maharage. Niliposikia "akabonyeza," niliigeuza ndoo ya sabuni. Nilikaa juu yake. Mwanamke mwingine atakaa karibu yako ndege ikipaa, uogope umshike mkono yeye. Atakunywa chai jikoni kwangu, kwenye kikombe changu cha bluu, na Naftali atamwambia "karibu mama." Nimeyaona yote nikiwa juu ya ndoo ile.

Kuhusu magoti kwenye kapeti, usimwambie mtu nyumbani. Na Hajja usimlaani. Hakujua kwamba niliomba. Alipojua amemrushia mwanawe kijiko, safari hii kikampata. Lakini sefu haifunguliwi na kijiko.

Solomon aliposoma habari za Charity aliweka karatasi chini akatoka nje kidogo. Amerudi na kusema kijijini kwao mtu hatasikia chochote kutoka kwake. Nimemwambia atanikumbuka siku akisema. Kulala stoo! Na wewe kumpelekea chakula kwenye pipa! Huo ujanja ni wangu, uliurithi kwangu, usimpe yeye sifa.

Umesema ndege inapitia Jeddah. Hajja amesema Solomon anilete uwanjani. Mwambie huyo Charity ajiandae. Ninataka kumwona usoni. Nina maneno yake.

Kukhu wako, mwenye wivu

*

Al-Baghdadiyah, Jeddah
3 Agosti 2016

Ivy mama,

Natumai mlifika salama, mmekunywa maji ya kwetu, na Morgan amewaona. Hajja anauliza habari zako kila asubuhi, anasahau kwamba nimemjibu. Barua hii inakuja na mama mmoja wa Bungoma anayesafiri kesho. Solomon ndiye anaandika, lakini ameahidi kuandika bila kutia maoni yake.

Ulikuwepo uwanjani, uliona yote. Ila ndani ya kichwa changu hukuwepo, kwa hivyo nikuambie.

Njia nzima kutoka Baghdadiyah nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nayo makali, mengine ya Kibukusu ambayo hata wewe huyajui. Nikaingia ule ukumbi, watu kama siafu, na macho yangu unayajua. Nikaona wanawake wawili wamenipa mgongo, abaya nyeusi, mitandio myeusi, urefu mmoja, kila mmoja na begi moja. Nikasimama. Nikaogopa, Ivy. Miaka miwili sijakuona, na mgongo wako niliokuwa naupaka mafuta sikuujua ni upi. Nikaita tu, "Mwanangu!"

Mligeuka wote wawili. Na yeye ndiye aliyegeuka kwanza.

Niliona uso wake kabla ya wako. Hakuwa anajua naita nani. Aliitika tu, kama mtu ambaye hajaitwa hivyo siku nyingi, kisha akaona si yeye, akatazama chini kwenye ndala zake. Yale maneno yangu yote, hata yale ya Kibukusu, sijui yalienda wapi. Nikakukumbatia wewe, nikakunusa shingo, ukanuka madawa ya kufulia. Halafu nikamgeukia.

Uliniona nimemkazia macho ukadhani nitamla. Kumbe nilikuwa natafuta kasoro, nipate pa kuanzia. Nikaipata kichwani kwako. Nikamwambia, "Wewe ndiye unayemsuka? Umemvuta sana hapa mbele, atapata kipara." Akasema, "Samahani, mama, nitalegeza." Nikamwambia, "Mimi si mama yako, niite Kukhu." Ukaanza kulia wewe, sijui ulilizwa na nini. Yeye hakulia. Alisema "Ndiyo, Kukhu," taratibu, kama mtu anayeonja chakula cha moto.

Sikupanga yale ya kigelegele. Yalinijia tu walipotangaza ndege yenu. Niliwaza: Morgan akishasimama imara na kisu kikapita, wanawake wanapiga vigelegele, na cha kwangu hakitakuwepo. Wewe hujui kupiga, unatoa sauti kama kuku aliyekanyagwa, usibishe. Nikamshika Charity mkono nikamwambia, "Utapiga changu. Kinaanza chini, kinapanda, hakivuti pumzi katikati. Sikia." Nikapiga pale pale. Wewe ulijifunika uso. Wale Waarabu waliokuwa nyuma yetu wakimsindikiza bi harusi wao wakadhani tunasherehekea nao, wakajibu, ukumbi mzima ukawa harusi! Askari akaja mbio akiuliza kuna nini, "Esh fi, esh fi?" Solomon akamwambia kuna mtoto anatahiriwa. Askari akauliza yuko wapi huyo mtoto. Solomon akasema Kenya. Askari akatutazama, akarudi kwenye kiti chake.

Charity akapiga mara ya kwanza, vibaya. Mara ya pili, kikapanda.

Mlipopita ule mlango wa vioo, yeye alikuwa amekubebea begi lako na wewe umeshika pasipoti zenu zote mbili. Nikawatazama mpaka weusi wenu ukachanganyika na weusi wa wengine. Solomon akasema, "Yalla, mama, twende." Nikamwambia mafi yalla, ningoje. Nikakaa. Moyo uliniuma mahali pale pale pa zamani, Ivy, sitakudanganya kwamba umepona. Ila uliuma kama jino linalojua bado lina mzizi.

Nyumbani Hajja alinikuta nimekaa jikoni, akanimegea mkate. Alijua.

Sasa niandikie. Barua hii ikifika, kisu kitakuwa kimeshapita, kwa hivyo usinifiche. Morgan alisimama? Alitazama mbele? Naftali alilia? Najua alilia. Kikombe cha bluu mpeni Charity kama ameshakishika, lakini asitoke nacho.

Na kile kigelegele, alikipiga? Kama alikipiga vibaya, niambie mara moja, nimtumie maneno. Na kama alikipiga vizuri kunishinda, mwanangu, andika tu kwamba alijaribu.

Kukhu Selipher